Samaki wa Kijiko

Hapana, hawakugombana kwa ajili ya malisho, wala kiwanja, wala kura. Hayo ndiyo yanayowagombanisha watu Isiolo, na ukisikia kwamba Mborana fulani na Mkikuyu fulani wamenuniana, akili yako inakimbilia huko bila kutumwa. Hawa wawili waligombana kwa ajili ya nzi. Na huyo nzi mwenyewe hakuwa nzi. Alikuwa unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa kwenye ndoano kwa uzi mwekundu, ukaongezwa nywele chache za mkia wa mbuzi, basi. Ukimweka kiganjani unacheka. Ukimweka juu ya maji anapata uhai.

Mwenye nzi alikuwa Mzee Guracha. Alizaliwa upande wa Kulamawe, kwa watu wa ng'ombe na ngamia, ambao kwao samaki ni nyoka tu aliyefukuzwa nchi kavu. Ujanani mwake ukame uliwamaliza ng'ombe wa baba yake, akapanda mlimani kutafuta kazi, akaipata katika kambi ya wageni waliokuja kuvua samaki wa maji baridi juu ya Timau. Alianza kwa kubeba mifuko yao. Baadaye akabeba fito zao za kuvulia. Kisha asubuhi moja mgeni mmoja aliyeumwa na bega akampa ufito na kumwambia ajaribu, naye akarusha. Mshipi ukaruka nyuma, ukanyooka hewani kama mjeledi usio na hasira, ukarudi mbele, na nzi akatua mtoni bila maji kujua. Guracha alisimama pale mdomo wazi. Tangu siku hiyo watu wa kwao hawakumwelewa tena, na yeye hakupata maneno ya kuwaeleza.

Kambini kulikuwa na vyeo, nanyi msidhani vyeo viko serikalini tu. Wageni waliovua kwa manyoya walipewa maji ya juu, yale safi yanayopita juu ya mawe. Waliovua kwa kijiko, yaani kipande cha bati king'aacho kinachozunguka majini kikivutwa, waliachiwa bwawa la chini ya daraja. Mtu wa kijiko akirudi na samaki, wale wa manyoya walimwambia kabla hajavua viatu, "Huyo hukumvua, umemwiba." Naye alicheka, akaagiza kinywaji, wakakaa pamoja. Ulikuwa ndio mzaha wao. Guracha aliusikia mara nyingi mpaka ukawa wake, kama mtu anavyorithi koti na kusahau kwamba lilishonwa kwa vipimo vya mwingine.

Kambi ilipofungwa alirudi Isiolo, akaoa, akajenga nyumba ya mabati pembeni mwa mji. Mkewe, Khadra, hakumkataza kuvua. Alimnunulia sufuria yake, akamwonyesha mahali pa kupikia nje, nyuma ya banda la kuku, akasema, "Nyoka wako na wapikiwe huko." Na kila samaki aliyempata, Guracha alimwelekeza Kibla, akasema Bismillahi, akampitisha kisu kooni. Sheikh alimweleza mara kwa mara kwamba samaki ni halali bila kuchinjwa. "Najua, sheikh," alijibu. Lakini alikuwa amechinja mbuzi tangu utotoni, na mkono wake haukuhudhuria darasa hilo.

Sasa huyo Ndegwa. Alikuja Isiolo akiwa dereva wa idara ya maji, kabla bintiye Mugure hajazaliwa, na alipostaafu hakurudi kwao Nyeri. Alifungua duka la mabomba na mifereji. Siku moja Guracha aliingia kununua mpira wa bomba, akaona nyuma ya kaunta ufito umeegemezwa ukutani. Hakuuliza bei ya mpira tena.

"Unavua?" aliuliza.

"Najaribu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kijiko. Nilikikata mwenyewe, kijiko cha uji cha Mugure."

Guracha alitikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya kifua. Lakini kesho yake walikwenda pamoja juu ya mji, mahali Mto Isiolo unapopita katikati ya mawe na kutulia kwenye kidimbwi kirefu chenye mikuyu. Humo hakuna samaki wa wageni. Mna samaki wa kawaida, wenye sharubu na magamba kama sarafu za zamani, ambao hakuna mtu wa mji aliyewataka. Guracha alikaa juu na manyoya yake, Ndegwa chini na bati lake. Wakaendelea hivyo kwa miaka, kila Alhamisi, mvua ama jua.

"Unamchinja?" Ndegwa aliuliza mara ya kwanza alipoona kisu.

"Wewe huoni?"

"Naona. Ninauliza ngozi utaipeleka wapi, mnadani?"

Ndivyo walivyokuwa. Maneno yao mengi yalikuwa ya namna hiyo, na mengine hayakuwa maneno kabisa. Khadra alipofariki, Ndegwa hakumwambia rafiki yake lolote. Alhamisi iliyofuata matanga alikuja mlangoni na fito mbili, akangoja.

Kulikuwa na habari moja tu waliyoijadili bila kuchoka, ya samaki aitwaye samoni, ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona. Wageni wa kambini walimsimulia kama watu wanavyomsimulia mjomba aliyetajirika. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, halafu hurudi kuupanda mto uleule wa kwao, na akishaingia mtoni hali tena. Tumbo hufunga. Na bado huuma ndoano. Kwa nini aume, ikiwa hali?

"Hasira," alisema Ndegwa. "Ukipitishiwa bati usoni kila saa hata wewe utauma."

"Si hasira. Anakumbuka. Anaona nzi, anakumbuka alipokuwa mdogo akila nzi."

"Basi ukimvua kwa nzi unamdanganya kwa utoto wake. Nani mbaya kati yetu?"

Guracha alikunja mshipi, akarusha tena. Nyumbani, akila peke yake ugali uliopoa kutoka kwenye sufuria ambayo sasa ilipikiwa ndani kwa kuwa hakuna wa kukataa, alilitafuta jibu la kumpa, asilipate.

Basi ikaja siku ya neno. Ilikuwa siku ya mnada, na hoteli ya Mawira ilikuwa imejaa. Mawira na mkewe Kananu ni Wameru, wanapika nyama na chapati karibu na soko la mifugo, na siku ya mnada huwezi kupata hata pembe ya benchi. Wiki hiyo mbuzi walikuwa wameibwa upande wa Kulamawe, na wanaume walikula huku wakitazama mlango. Ndegwa akaingia na samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kuwatoa katika kidimbwi kile. Guracha alimfahamu. Alikuwa amemtupia nzi msimu mzima, akamwona akipanda, akitazama, akishuka. Wivu ulimpanda kooni, na mdomo wake ukashika neno lililokuwa karibu.

"Huyo hukumvua," alisema kwa sauti ya mzaha. "Umemwiba. Wewe ni mwizi tu, Ndegwa."

Hakuna aliyecheka.

Kambini neno lile lilikuwa la kuagizia vinywaji. Hapa liliangukia katikati ya watu waliokesha wakilinda mazizi, likitoka mdomoni mwa mzee wa Kiborana, likimwendea mwenye duka aliyetoka kwingine. Vijiko vilisimama kwenye vikombe. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na Ndegwa alivuta mfuko wake miguuni pake, polepole, labda bila kujijua. Ndegwa aliuona mkono ule. Alimfunika samaki kwa gunia, akasema, "Asante, Kananu, sitakula leo," akatoka.

Dida, dalali wa ng'ombe, mtu mwenye tumbo kubwa na ulimi mwepesi, siku hiyo hakufanya utani. "Abba," alimwambia Guracha, "umemwita mtu mwizi siku ya mnada."

Guracha alijua tangu wakati ule. Tusimsingizie kwamba hakujua. Lakini kujua ni kazi ya kichwa, na kwenda ni kazi ya miguu, nayo miguu ya mzee ina kiburi chake. Alijiambia kwamba Ndegwa atakuja Alhamisi. Hakuja. Alijiambia kwamba mtu hawezi kuomba radhi kwa sababu ya utani. Mvua zikaja, zikaisha, na walipokutana sokoni kila mmoja alipata kitu cha kutazama upande mwingine. Asli, binti wa Guracha, alimpigia simu kutoka Kulamawe. "Aabo, njoo ukae na sisi. Huko unakaa na nani?" Alimjibu kwamba anakaa na mto, akasikia mwenyewe jinsi jibu lile lilivyokuwa tupu.

Kisha Alhamisi moja, peke yake, alirusha mshipi kuliko alivyowahi kurusha maishani. Upepo ulikuwa umelala. Nzi alishuka kando ya mzizi wa mkuyu, akakaa, akaelea kidogo, na maji yakafunguka chini yake. Samaki alikuwa mzito na mwenye hila. Alikimbia chini, akakimbia juu, akajificha nyuma ya jiwe, na Guracha akamtoa kote huko kwa subira mpaka akamlaza kwenye mchanga. Hapo akageuka na kusema, "Umeona?"

Jiwe la chini, alipozoea kusimama Ndegwa, halikuwa na mtu. Kenge alikuwa amelala juu yake akiota jua, akamtazama, akafumba jicho.

Alibaki ameshika ufito. Ilimjia kwamba katika mji mzima ule hakuna mtu mwingine ambaye angejua alichokifanya sasa hivi. Kwa Dida ni nyoka. Kwa Asli ni ukaidi wa uzee. Kwa Khadra, Mungu amrehemu, ilikuwa harufu ya kuvumilia. Mtu mmoja tu alijua ugumu wa mshipi ule kutua vile, na yeye ndiye angemwambia, "Bahati tu, mzee." Guracha alimtoa yule samaki ndoano, akamrudisha majini. Hakuwa na njaa naye.

Alipopita kwa Mawira kunywa chai, Kananu alimwekea kikombe, hakuondoka.

"Mzee, umesikia Ndegwa anahama?"

"Anahama duka?"

"Anahama Isiolo. Mugure amewajengea Nyeri. Jumamosi lori linapakia. Watakula hapa mchana, maana jiko lao litakuwa limefungwa, kisha waende."

Chai ilikuwa na utando juu alipokumbuka kuinywa.

Kwa Waborana mtu akienda kutafuta amani huenda na buna, kahawa iliyokaangwa na maganda yake katika samli. Aliyekosewa akiitafuna, yamekwisha. Kesho yake Guracha aliikaanga mwenyewe, akaunguza kidogo, akaitia kwenye kikombe cha bati, akaenda nacho nyumbani kwa Ndegwa kimefunikwa kwa kitambaa. Uani kulikuwa na masanduku, na magodoro yamefungwa kamba. Wanjiru, mkewe Ndegwa, alimpokea kama mtu aliyekuja jana.

"Karibu, Mzee Guracha. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Mama Mugure. Nimekuja kumwona mzee."

Ndegwa alitoka akijipangusa mikono. Alizidi kuwa mwembamba, au pengine Guracha alikuwa hajamtazama vizuri kwa muda mrefu. Alikipokea kikombe, akakijua ni cha nini, kwa kuwa hajaishi Isiolo bure. Akakiweka juu ya sanduku bila kuitafuna ile buna.

"Unaondoka," alisema Guracha.

"Mugure hataki tuzeekee mbali."

"Ni vizuri."

"Ni vizuri."

Kuku alipita katikati yao, wote wawili wakamtazama mpaka akatokomea.

"Lile neno, Ndegwa. Lilikuwa la kambini. Huko lilikuwa mzaha."

"Nilijua ni mzaha. Nilijua palepale."

"Basi mbona..."

"Waliosikia hawakujua. Wiki ile mteja wangu, mtu niliyemuuzia mabomba tangu nifungue duka, alikagua mzigo wake bomba kwa bomba kabla ya kupakia. Hakusema kitu. Alikagua tu." Ndegwa aliketi kwenye godoro. "Halafu nikuambie jambo jingine. Huu mji mzima unatuona sisi wawili ni wendawazimu. Kwenu hamli samaki. Kwetu mwanamume hashindi mtoni kama mtoto mtoro. Tulikuwa wendawazimu wawili tu, Guracha, na wewe bado ukatafuta kati yetu nani wa kumdharau."

Guracha aliinamisha kichwa. Aliyaona maji ya juu na bwawa la chini ya daraja, akawaona wale wageni ambao hata majina yao yamemtoka. Alikuwa amewalindia cheo chao muda wote huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba.

"Nisamehe," alisema.

"Ulisema kwa Mawira, mbele ya watu. Ukija kusema hapa, katikati ya sufuria za mke wangu, nani anasikia?"

Guracha aliona fito za Ndegwa zimefungwa pamoja na mafagio.

"Niazime kijiko," alisema.

"Kipi?"

"Chako. Kile cha uji."

Ndegwa alimtazama, akatafuta ulipo utani, hakuuona. Alifungua kamba, akatoa ufito mfupi wenye kijiko mwishoni, akampa.

"Usikisomee dua. Ni bati tu," alisema, akarudi kupakia.

Jumamosi asubuhi mto ulikuwa mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na maji yaliyoshuka yalikuwa kama chai ya maziwa. Katika maji kama hayo nzi ni kipofu anayeongoza vipofu. Siku nyingine Guracha angerudi nyumbani. Aliteremka mpaka kwenye jiwe la chini, akamfukuza kenge, akarusha.

Kijiko kilikwenda kama jiwe la kumpiga mbwa na kuanguka kwa kishindo. Aibu ilimpata ingawa hapakuwa na mtu. Akakunja mshipi kwa haraka, kijiko kikaingia kwenye mzizi, akaingia majini mpaka kiunoni kukitoa, kikamchana kidole. Akarusha tena, kikakwama tena. Siku zote alidhani Ndegwa alikuwa anavuta bati tu. Sasa alianza kuelewa kwamba upo mwendo wake: ukivuta haraka kinapanda, ukichelewa kinazama, na katikati pana mahali ambapo kinaanza kuzunguka, na ule mzunguko unasafiri ndani ya mshipi, ndani ya ufito, mpaka kifundo cha mkono. Kilikuwa kinatetema kama mwanambuzi aliyefungwa kamba. Katika maji yale ambamo huoni kitu, mkono unaona. Guracha alisimama akisikiliza kwa mkono wake, na akajua kwamba miaka yote ile, wakati yeye kule juu akiyatazama maji, rafiki yake huku chini alikuwa akiyasikiliza. Wala hawakuwahi kuambiana.

Jua lilikuwa limepanda sana samaki alipouma. Alikuwa mdogo. Niseme ukweli, alikuwa mdogo wa kuchekesha, si mrefu kuliko kiganja na vidole vyake, na sharubu zake zilikuwa kama uzi wa kushonea. Wakati mwingine wowote angemrudisha kwa mamake. Guracha alimwelekeza Kibla, akasema Bismillahi, akamchinja kwa uangalifu kwani shingo ilikuwa ndogo, akamfunga kwenye jani la mgomba alilopewa shambani njiani, akapanda boda.

Lori lilikuwa limeegeshwa nje ya hoteli, limepakiwa, na kiti cha sebuleni cha Wanjiru kilikuwa juu kabisa miguu ikitazama mbinguni. Ndani palijaa. Mawira alikuwa kwenye nyama, Dida kwenye kona yake, madalali, wenye maduka, na katikati Ndegwa na mkewe, ambao watu walikuwa wanawapa mikono ya kwaheri. Guracha aliingia suruali imelowa mpaka kiunoni, kidole kimefungwa kitambaa.

"Salaam aleikum," alisema.

"Aleikum salaam," waliitikia wachache. Wengine walinyamaza, wakamtazama yeye, kisha Ndegwa.

Alifungua jani, akamshika samaki mkiani, akamwinua watu wamwone.

"Mnakumbuka siku ya mnada nilisema neno hapa. Nilisema samaki wa Ndegwa ameibwa, kwa sababu alimvua kwa kijiko." Alimwinua samaki juu zaidi. "Huyu nimemvua leo. Nimemvua kwa kijiko cha Ndegwa. Kama ule ulikuwa wizi, basi mwizi ndiye huyu amesimama hapa. Na kama huu si wizi, basi siku ile nilimsingizia mtu safi, na ninyi nyote mlikuwa mashahidi. Leo mshuhudie na hili."

Mafuta ya Mawira yalichemka peke yao. Kisha Dida akainua shingo, akakaza macho.

"Mwizi gani anaiba kitu kidogo hivyo?" alisema.

Kicheko kilianzia kwenye kona, kikaenea, kikafika kwa Kananu ambaye alilazimika kuweka sinia chini. Ndegwa hakucheka. Alisimama, akaja karibu, akamchukua yule samaki, akamgeuza, akaiona ile alama ndogo ya kisu kooni.

"Kijiko changu hakijawahi kutoa samaki mdogo hivi," alisema. "Umekiaibisha."

"Kilikwama kwenye mizizi."

"Ulikivuta haraka."

"Mwanzoni. Baadaye nikakisikia."

Ndegwa alimtazama usoni. "Ulikisikia?"

"Kama mwanambuzi kwenye kamba."

Ndegwa alimkabidhi Kananu yule samaki. "Tukaangie huyu," alisema. "Tutakula na mzee."

Basi Kananu akamkaanga, akamweka juu ya mlima wa wali, kando ya nyama ya mbuzi, naye pale juu alionekana kama mtu aliyepotea sokoni. Watu walinawa mikono, wakasimama kuizunguka meza kubwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa kabla ya wasafiri.

"Mimi nyoka sili," Dida alitangaza. "Lakini kukaa, nakaa."

Nje dereva alipiga honi. Barabara ya kwenda Nanyuki ilikuwa inangoja, na baada ya hapo Nyeri, na mto wowote ulioko huko. Ndegwa alitoka mpaka mlangoni, akamwonyesha dereva mkono kwamba azime, akangoja mpaka injini ikanyamaza kabisa. Aliporudi, nafasi yake ilikuwa upande wa pili, kando ya Wanjiru. Hakwenda huko.

"Sogea," alimwambia Guracha.

Guracha akasogea, na aliyekuwa kando yake akasogea, na wa pembeni yake, mpaka wa mwisho akagusa ukuta. Wakakaa wote. Wanjiru akafumba macho, akaomba kwa maneno machache, Guracha akasema Bismillahi, na mikono ikaingia kwenye sinia.